Mtoto Aliyesamehewa Kusalimia

Ninyi vijana mnaosomea tiba, mkija kunitembelea hapa Sumbawanga mnanikuta uani nachambua maharage. Mnaamkia, mnakaa, na kabla chai haijamiminwa swali limeshatoka: "Mama Tekla, zamani mlipotaka kujua mtoto mwenye ulemavu anajionaje, mlitumia kipimo gani?" Nawajibu kwamba tulitumia mkeka, uvumilivu na picha za Rama. Mnacheka, mnadhani nawatania. Basi nimeamua kuandika, maana nikiongea mnachungulia simu.

Kazi yangu iliitwa tiba kwa vitendo, jina ambalo hakuna mtu mjini aliyelielewa. Sokoni nilijulikana kama yule mama anayelipwa kuchezesha watoto. Mama mkwe wangu aliwaambia majirani kwamba nimesoma kote kule ili niwe yaya. Kwa kifupi ilikuwa hivi: mtoto akiletwa kituoni, fundi wa karakana alimtengenezea vyuma vya mguu au magongo, mtu wa mazoezi alimnyoosha viungo, na mimi nilimfundisha shughuli za maisha yake mwenyewe, kama kula, kuvaa, kuchota maji na kushika kalamu. Ili kujua pa kuanzia, ilinibidi nijue mtoto anajiona anaweza nini na anashindwa wapi, kisha tuandike malengo.

Nilipoingia kazini, malengo yaliandikwa na watu wazima. Tunamuuliza mama, mama anajibu, mtoto anatazama dari. Na mama naye akiulizwa na mtu wa ofisini huwa na majibu mawili. Akidhani kuna msaada unatolewa, mtoto wake hawezi kitu, hata kumeza. Akidhani utamfukuza kituoni, mtoto anaweza mpaka kupanda mti. Siwacheki akina mama. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara binafsi ilipofunguliwa, maduka yalikuwa yameanza kujaa bidhaa lakini mifuko ya watu bado mitupu, na habari za kuchangia gharama za matibabu zilikuwa zimeshaingia. Kila mzazi alipima maneno yake kabla ya kuyatoa.

Aliyeipindua desturi hiyo ni mkubwa wangu wa kazi, Mama Gaudensia, muuguzi wa siku nyingi, mwenyeji wa hapa hapa Ufipa, mnene, mwenye sauti iliyofika getini bila yeye kuinuka. Siku moja aliniacha nimalize kumhoji mzazi, kisha akasema, "Vizuri. Mama tumemsikia. Sasa mama aende akanywe chai jikoni, tumsikie mwenye mguu." Mzazi akakasirika kidogo. Gaudensia akamtuliza, "Dada, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wewe na mimi tuko nje ya kaburi." Mfano ulikuwa mzito kwa asubuhi ile, lakini yule mama aliinuka akaenda.

Kumtoa mzazi ni rahisi. Kumfanya mtoto aseme ndiyo shughuli. Mtoto aliyelelewa vizuri huku kwetu hasemi "mimi naweza" mbele ya mtu mzima. Hiyo ni majivuno. Ukimuuliza kama anaweza kupukuchua mahindi, atainamisha kichwa na kusema "kidogo," hata kama amepukuchua debe zima jana yake. Na "siwezi" nayo hasemi, maana ni uvivu. Kwa hiyo unabaki na "kidogo" kwenye kila swali, na kwa "kidogo" huwezi kupanga tiba ya mtu.

Ndipo mradi mmoja wa wafadhili ukatuletea kadi za picha. Wazo lake lilikuwa zuri sana, na bado nalitetea. Kila shughuli ilikuwa na picha mbili, mtoto mmoja anaiweza na mwingine anapata shida. Unamwambia mgonjwa wako, "Huyu anaweza, huyu inamsumbua. Wewe unafanana na yupi?" Hapo mtoto hajisifu wala hajilaumu, anaonyesha kidole tu. Tatizo lilikuwa picha zenyewe. Mmoja alikuwa anateleza kwenye theluji. Mwingine anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu. Wa tatu anakata karatasi za rangi kwa mkasi, juu ya meza, peke yake, bila mtu wa kumkaripia. Kijana mmoja wa familia ya wafugaji waliohamia bondeni kutoka kaskazini alizitazama zote kwa makini, kisha akaniuliza, "Huyu baba yake ana ng'ombe wangapi, mpaka mtoto anashinda anachezea karatasi?"

Tukampelekea kazi Rama, mchora vibao vya maduka. Biashara huria ilikuwa imemnyookea Rama. Kila aliyefungua duka alitaka kibao, kila kibao kilitaka mkate au chupa ya soda, na Rama alichora vyote. Gaudensia alimwelekeza aweke shughuli za kwetu. Mtoto anachota maji. Mtoto anachunga. Mtoto anafyeka nyasi za kufukia kwenye matuta. Mtoto anapukuchua mahindi, anabeba mdogo wake mgongoni, anaamkia wakubwa. Rama alitoa picha nzuri kupita kiasi. Tukaanza kuzitumia kwa fahari, na matokeo yakatushangaza: watoto wote walijiona wanaweza kila kitu. Hata mtoto ambaye mikono yake haikushika kijiko alionyesha yule anayebeba ndoo.

Tulifurahi kwa muda, kisha tukashtuka. Mwishowe Gaudensia akamwuliza binti mmoja kwa nini anafanana na yule. Binti akajibu, "Ana viatu." Tukazitazama upya. Rama, kwa mapenzi yake ya kazi, kila mtoto anayeweza alikuwa amemvika viatu vya mtumba vyenye kamba, na kila anayeshindwa yuko peku. Nilipomwendea alishangaa. "Sasa dada yangu, mtu anayefanikiwa nimwache peku? Hata kibao cha duka hakitauza." Akavifuta viatu vyote kwa rangi ya udongo, huku akisikitika. Baada ya hapo majibu yakaanza kufanana na watoto.

Nawaambia haya ili mjue kwamba picha, fomu, au hicho mnachobonyeza kwenye simu, ni chombo tu. Mambo mengine nilijifunza kwa kukosea. Usimuulize mtoto mwenye viungo vilivyokakamaa asubuhi ya mwezi wa saba. Baridi ya huku mnaijua, upepo ule wa alfajiri hauna adabu. Mtoto wa namna hiyo saa moja asubuhi atakuambia hawezi kitu, na atakuwa anasema kweli. Mwache aote jua mpaka saa tano, umwulize tena. Mpe kitu cha kufanya mikononi, maharage au magunzi, kwa sababu mtoto anayetazamwa usoni hukupa jibu unalolitaka wewe. Kaeni wote kwenye mkeka. Anza na mtoto wa jirani: "Rafiki yako anapenda kufanya nini?" Utashangaa ni mangapi ya kwake yatatokea humo.

Jambo kubwa kuliko yote, usimsahihishe. Tulikuwa na mvulana kutoka Kirando, kule ziwani, mikono yake dhaifu tangu kuzaliwa, vidole havikunjuki. Kwenye kuanika dagaa akaonyesha picha ya anayeweza. Nikamwambia kwa upole, "Hebu tazama vizuri, baba." Akatazama vizuri, akahamisha kidole. Gaudensia alikuwa mlangoni. Mvulana alipotoka akaniuliza, "Ulimwuliza anavyojiona yeye, au ulimwuliza unavyomwona wewe?" Baadaye baba yake alitueleza kwamba mtoto hutandaza dagaa kwa viwiko, na kwa kasi. Lakini hata angekuwa hawezi, jibu lilikuwa lake. Ukitaka kupima mikono, pima mikono. Ukiuliza moyo, pokea ulichopewa na uandike.

Sasa nije kwa Anzelma, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Alikuwa binti mdogo wa kijiji cha Mwimbi, aliyepooza mguu wa kushoto kwa ugonjwa akiwa bado wa kubebwa. Fundi wetu alimtengenezea vyuma vizuri, vinavyoanzia pajani mpaka kwenye kiatu, na gotini vina pete ya kufunga. Ukishusha pete, goti linakaza na mtoto anasimama. Ukiipandisha, goti linakunjika, anakaa. Akiwa na vyuma na fimbo moja Anzelma alitembea mpaka shuleni. Bila vyuma aliinama, mkono kwenye goti, akijiburuza, na goti lenyewe lilikuwa limeanza kujikunja na kukataa kunyooka.

Shida ni kwamba hakuvivaa. Mama yake alimleta kituoni na vyuma vimefungwa kwenye khanga, safi kabisa, havina hata vumbi. "Navifunga asubuhi," mama akalalamika, "nikirudi shamba navikuta nyuma ya kihenge. Nimemchapa, nimembembeleza. Nimechoka, dada." Daktari wetu hakuwa mtu mbaya, ila vyuma vilikuwa haba na watoto wengine walikuwa wanavisubiri. Akasema waziwazi mbele ya mtoto: wakirudi mara nyingine mguu uko vile vile, vyuma vitafupishwa apewe mwingine. Sote tulijua maana yake. Goti likishajikunja, habari ya shule imekwisha, na kwa binti mlemavu wa kijijini wakati ule, shule ndiyo iliyokuwa njia yake pekee.

Nikamkalisha mkekani, nikampa maharage, nikatandaza picha za Rama. Kutembea, akaonyesha anayeweza. Kuchota maji, akafikiri, akaonyesha anayeweza. Kupukuchua, anaweza. Nikaanza kuchanganyikiwa, maana mtoto anayejiona hivi hana sababu ya kutupa vyuma. Tukafika kwenye kuamkia wakubwa. Mnaijua desturi yetu: mtoto akimkuta mkubwa anachuchumaa, anapiga makofi polepole kwa viganja, anaamkia, na mkubwa anamjibu kwa makofi vile vile, anamuuliza za nyumbani. Anzelma aliipindua picha kifudifudi, akaendelea kuchambua maharage.

"Hujachagua," nikamwambia.

"Hii hapana."

"Lakini wewe kusalimia umesamehewa, Anzelma. Watu wote wanajua una mguu."

"Ndiyo, nimesamehewa."

Nikanyamaza. Kunyamaza nako ni ujuzi, na ni mgumu kuufundisha. Maharage kadhaa yakaingia kwenye ungo. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Nikivaa vyuma nasimama kama mlingoti. Babu akiniona anasema, pita mwanangu, usijisumbue. Napita. Wenzangu Juma na Skola wanachuchumaa, anawajibu, anawauliza mambo ya shule. Mimi haniulizi. Nimeshapita."

"Na bila vyuma?"

"Bila vyuma nakaa chini kabisa. Napiga makofi. Ananijibu."

Mtoto alikuwa amefanya hesabu yake sawasawa. Vyuma vilimpa shule vikamnyima kujibiwa, naye akachagua kujibiwa. Na kosa hilo, wanangu, ni letu Wafipa. Mtu asiyejua desturi asingemsamehe, kwa sababu asingejua kuna kitu cha kusamehe. Sisi tulimwonea huruma, kuanzia babu yake mpaka kituo chetu kizima. Pale getini kila mtoto mwenye vyuma tulimwambia "pita, pita," tukajiona watu wema.

Nikaandika lengo la tiba: kusalimia. Daktari alilisoma akavua miwani. "Mama Tekla, hili ni lengo la tiba au la kipaimara?" Gaudensia akamweleza yote. Daktari akairudisha miwani. "Andikeni mnachotaka, mradi vyuma vivaliwe. Lakini safari ijayo ni ile ile niliyosema."

Basi tukaanza, Anzelma na mama yake wakilala pale kituoni. Msidhani ni jambo dogo. Kuchuchumaa ukiwa na mguu mmoja wenye nguvu kunawezekana kama unashikilia fimbo. Lakini makofi yanataka mikono miwili, na fimbo haipigi makofi. Tulijaribu kumwegemeza ukutani, akaweza, kisha akaniuliza kama atakuwa anatembea na ukuta. Tukajaribu kupiga magoti, akakataa, akasema hivyo ni vya kanisani. Njia tuliyoifuata aliibuni mwenyewe. Alipandisha pete ya goti, akashuka kwa mguu mzima huku fimbo ikimshikilia, akaulaza ule wa vyuma pembeni, akailaza fimbo juu ya mapaja yake, na mikono ikabaki huru. Kushuka tulikuweza mapema. Kuinuka kulitutoa jasho. Alianguka, akacheka. Akaanguka tena, hakucheka. Siku nyingine alinitupia ungo. Niliuokota nikamwambia apumzike, na nikaenda kunywa maji, maana na mimi nilikuwa nimekasirika.

Mguu mzima ukapata nguvu. Akawa anachambua maharage amechuchumaa, akiniambia ya kwangu yana mawe. Vyuma alivivaa kutwa nzima pale kituoni, kwa kuwa bila kushusha ile pete hakuweza kusimama vizuri. Daktari alipita, akatazama, akaendelea na kazi zake. Lakini kituoni ni kituoni. Nilijua kwamba ikishindikana nyumbani kwa babu, vyuma vitarudi nyuma ya kihenge, na kutoka pale vitarudi kwetu kwenye khanga.

Tulimsindikiza Mwimbi kwa gari la kituo, mimi na Gaudensia, pamoja na mama yake. Babu alikuwa uani amekaa kigodani na wazee wenzake wawili. Tulikuwa tumekubaliana njiani kwamba hakuna atakayemwambia lolote, na kwamba Anzelma atatangulia. Akashuka garini, fimbo mkononi, akaelekea uani kwa mwendo wake.

Mzee alimwona, uso ukachangamka. "Aa, mwanangu! Pita, pita, usijisu..."

Anzelma alikuwa ameshapandisha pete. Akaanza kushuka. Mguu mzima ulikuwa unatetemeka, nikauona kutoka nilipokuwa. Mama yake akataka kukimbia akamshike, nikamkamata khanga. "Mwache," nikamwambia, ingawa mwenyewe nilikuwa nimesimama kwa vidole. Fimbo ikalala mapajani. Viganja vikakutana, polepole, kama inavyotakiwa, na sauti yake ndogo ikamwamkia babu kwa Kifipa, maneno yote, bila kuruka hata moja.

Mzee aliwatazama wenzake, kisha akainama mbele pale kigodani, akapiga makofi, akajibu. Na akauliza. Akauliza za mjini, za safari, za wagonjwa wa kule. Wazee wale wawili nao wakataka zamu yao. Jamani, salamu za kwetu ni ndefu, nami nilikuwa nahesabu pumzi za yule mtoto, nikiwalaani wazee wa watu kimoyomoyo. Anzelma alijibu kila swali, na nadhani mengine aliyarefusha kwa makusudi. Kisha akashika fimbo, akasukuma, akayumba, akasimama. Pete ikashuka mahali pake.

Babu akatuona sisi wageni. "Anzelma," akasema, "wageni wamesimama. Nenda ndani ukalete vigoda."

Mama yake akanigeukia. "Hajawahi kumtuma," akaninong'oneza. "Tangu azaliwe, hajawahi kumtuma."

Anzelma akaingia ndani. Tukangoja. Tulisikia kitu kikiburuzwa, kikagonga ukuta, kimya, kikaburuzwa tena. Wazee wakaanza kuzungumza habari za mvua. Sisi bado tumesimama. Mzee akageuka kuelekea mlangoni, uso umekunjamana, akapaza sauti kwa hasira ya kweli:

"Wewe Anzelma! Hicho kigoda unakichonga huko?"

Mama yake akajifunika mdomo kwa khanga, machozi yakamtoka. Na kutoka ndani ikaja sauti ya mtoto aliyekaripiwa, inayojitahidi isicheke:

"Nakuja, babu!"